Jimbo la Québec-Est lilikwenda wapi?

*“Ninaishi Saint-Roch, mjini Québec, na watoto wangu watatu; sisi ni watu wa Bukavu. Kijana wangu wa sekondari ameagizwa na mwalimu aandike historia ya jimbo la Québec-Est, lile la Laurier. Tumelitafuta kwenye ramani ya uchaguzi, halipo. Jirani yetu mzee anasema lilikuwa jimbo la Wafaransa na Ottawa ililifuta ili kuwapunguzia nguvu. Shemeji yangu anabisha, anasema lilikuwa la Laurier mwenyewe, na alipokufa likaisha. Mimi nimezidi kuchanganyikiwa, maana kwetu jimbo ni kitu kikubwa chenye gavana. Jimbo zima linapoteaje? Na mtoto aandike nini ambacho mwalimu hatakikata? Mwakani nategemea kupata uraia, hivyo na mimi ningependa kujua nitapiga kura wapi.”*

Mama, tuanze na neno lenyewe, kwa sababu fundo liko hapo. Mkisema jimbo kule Bukavu mnamaanisha Kivu Kusini: lina gavana, lina bunge lake, lina bajeti. Huku Kanada kitu cha namna hiyo ni Quebec nzima, nami nitakiita mkoa ili tusichanganyikiwe. Québec-Est lilikuwa jimbo la uchaguzi tu, yaani eneo lililozungushiwa mstari ili wakazi wake wamchague mbunge mmoja wa kwenda Ottawa, kwenye bunge la Kanada nzima. Halikuwa na gavana, halikutoza kodi, halikuwa na jengo lake. Na “Est” hapo si mashariki ya Quebec yote, ni mashariki ya mji wa Québec. Muungano wa Kanada ulipoanza mwaka 1867, mji huo ulikuwa na viti vitatu: Québec-Centre, Québec-Ouest na Québec-Est. Kile cha mashariki kilibeba mji wa chini, na kitovu chake kilikuwa Saint-Roch, hapo hapo mnapolala.

Jimbo la namna hiyo huzaliwa kwa sheria na hufa kwa sheria, bila mtu yeyote kuhama nyumba. Hili lilidumu kuanzia 1867 hadi uchaguzi wa Juni 2004. Shemeji yako kwa hiyo amepotea kwa miaka 85, kwa kuwa Laurier, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu wa Kanada, alifariki Februari 1919. Jirani naye hakupata sababu sahihi, lakini nitamrudia baadaye. Uchungu wake una mzizi, na sipendi mtoto afundishwe kuupuuza.

Kwanza hilo la “jimbo la Wafaransa”. Hakuna sheria ya Kanada iliyowahi kutenga jimbo la uchaguzi kwa ajili ya lugha fulani. Québec-Est lilikuwa la wasemaji wa Kifaransa kwa sababu ndio waliokuwa wakiishi pale. Wala wao wenyewe hawakujiita Wafaransa. Walijiita Canadiens, wazao wa walowezi waliovuka bahari kabla Uingereza haijaiteka nchi hiyo karibu mwaka 1760. Huko juu, ndani ya kuta za mji wa kale, walikaa maofisa, mawakili na wafanyabiashara, wengi wao wasemaji wa Kiingereza. Québec-Ouest kulikuwa na Waairish wengi; mbunge wao maarufu, mkandarasi Thomas McGreevy, alifukuzwa bungeni mwaka 1891 kwa kashfa ya rushwa. Saint-Roch ilikuwa chini ya jabali, kando ya mto Saint-Charles, na watu wake walikula kwa mikono yao. Mwanzo waliunda meli za mbao. Biashara ya meli ilipokufa wakaingia kwenye viwanda vya ngozi na viatu. Nyumba zao zilikuwa za mbao, zimebanana, na moto ulikuwa adui wa kudumu: mwaka 1845 uliteketeza sehemu kubwa ya Saint-Roch, na mwaka 1866 ukarudi tena. Waliopiga kura kwa mara ya kwanza katika jimbo jipya, mwaka mmoja baada ya moto huo, bila shaka wapo waliokwenda kituoni huku nyumba zao bado hazijapauliwa.

Sasa Laurier. Watu hudhani alizaliwa hapo au alilichagua jimbo hilo kwa mapenzi. Hapana. Aliletwa na kushindwa. Wilfrid Laurier alizaliwa Saint-Lin, mbali na mji wa Québec, na alikuwa mbunge wa Drummond–Arthabaska. Oktoba 1877 aliteuliwa kuwa waziri katika serikali ya Alexander Mackenzie. Siku hizo kulikuwa na kanuni ambayo leo inashangaza: mbunge akiteuliwa waziri ilimlazimu arudi kwa wapiga kura wake wamthibitishe upya kwa uchaguzi mdogo. Kanuni hiyo iliondolewa Kanada mwaka 1931. Laurier akarudi nyumbani, na watu wake wakamkataa kwa tofauti isiyofika kura 30.

Kwa nini wamkatae kijana wao aliyepata uwaziri? Hapa mweleze mtoto jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka. Liberals wa Quebec, chama cha Laurier, waliitwa Rouges, wekundu, na mapadri wengi waliwahesabu kuwa maadui wa Kanisa. Kulikuwa na msemo uliosikika hadi mimbarini: mbingu ni buluu, jehanamu ni nyekundu. Buluu ilikuwa rangi ya Conservative, chama cha wapinzani wao. Mkulima anayeogopa kunyimwa sakramenti hahitaji kuelezwa mara mbili. Mambo yalifika Mahakama Kuu ya Kanada, ambayo mapema mwaka huo huo wa 1877 ilibatilisha uchaguzi mdogo wa Charlevoix kwa sababu mapadri waliwatisha wapiga kura. Juni mwaka huo Laurier alihutubia mjini Québec akaeleza kwamba uliberali wake ni wa kisiasa, wa aina ya Kiingereza, na hauna vita na dini. Hotuba ilimjenga kwa wasomi. Kijijini haikumwokoa.

Ndipo Québec-Est inapoingia. Mbunge wake, Isidore Thibaudeau, mfanyabiashara tajiri, alijiuzulu ili kiti kipatikane. Laurier akagombea Novemba 1877 na akashinda kwa kura zaidi ya 300. Kiti hicho hakikumtoka tena mpaka anakufa, miaka 41 baadaye, na katika miaka hiyo alikuwa Waziri Mkuu kwa 15 mfululizo, kuanzia Julai 1896 hadi Oktoba 1911, msemaji wa Kifaransa wa kwanza kufika hapo.

Tuseme wazi namna kiti salama kinavyofanya kazi, maana ndiyo historia nzima ya jimbo hili. Kiongozi wa chama hana muda wa kukaa jimboni. Anazunguka nchi nzima kuwanadi wenzake. Kwa hiyo chama humtafutia mahali ambapo atashinda hata asipoonekana. Mtaa wa wafanyakazi wa mji wa chini ulifaa kuliko kijiji: watu walikaa pamoja, waliongea kiwandani na sokoni, na tangu 1874 kura ilikuwa ya siri, hivyo vitisho vya mimbari havikuwa na macho ndani ya kituo. Wao nao walipata kitu. Walipata mtu wao mezani pa wakubwa, na pamoja naye kazi, barua za utambulisho na fahari. Laurier hata hivyo hakutaka kuweka yai lake kwenye kikapu kimoja. Sheria ya wakati huo iliruhusu kugombea sehemu mbili, na mwaka 1896 alichaguliwa Saskatchewan pia. Akabaki na Québec-Est.

Lakini fahari ina bei yake, na Saint-Roch iliilipa. Mwaka 1917, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya Waziri Mkuu Robert Borden ilipitisha sheria ya kuwaingiza vijana jeshini kwa lazima. Laurier aliipinga. Uchaguzi wa Desemba mwaka huo uliigawa nchi kwa lugha kama kisu kinavyogawa mkate: chama chake kilipata viti 62 kati ya 65 vya Quebec, na kikaangushwa karibu kila mahali kwingine. Kuanzia Machi 28, 1918, siku chache kabla ya Pasaka, mji wa Québec ulilipuka. Kijana alikamatwa kwa kukosa karatasi za msamaha wa jeshi, watu wakakusanyika, kituo cha polisi kikavamiwa. Ottawa ikatuma wanajeshi kutoka Ontario, wasiojua Kifaransa, dhidi ya umati usiojua Kiingereza. Jumatatu ya Pasaka, Aprili 1, risasi zilipigwa katika mji wa chini, mahali Saint-Roch inapopakana na Saint-Sauveur. Raia wanne waliuawa. Baraza la wazee wa uchunguzi wa vifo lilikaa mwezi huo huo likasema waliokufa hawakuwa na hatia na kwamba serikali inapaswa kuwafidia jamaa zao. Mtaani kwenu, mtaa wa Saint-Vallier unapokutana na Saint-Joseph, kuna mnara wa kumbukumbu. Nimesimama pale jioni ya baridi, na watu walikuwa wakipita na mifuko ya dukani bila kugeuza shingo. Nenda na mwanao. Asome majina yaliyoandikwa pale.

Laurier alipofariki, kiti hakikuachwa yatima. Ernest Lapointe alijiuzulu Kamouraska, alikokuwa mbunge tangu 1904, akagombea Québec-Est mwaka 1919 na kushinda. Akawa mkono wa kuume wa Waziri Mkuu Mackenzie King kwa mambo ya Quebec. Mwaka 1923 alitia saini mkataba wa uvuvi na Marekani peke yake, bila balozi wa Uingereza kuweka saini yake kando, jambo ambalo halikuwahi kutokea kabla. Kisha akawa Waziri wa Sheria kwa vipindi vitatu, na kifo kikamkuta kazini Novemba 1941. Kuna jambo la kipindi chake ambalo wewe, mama, utalipenda. Wanawake walipata haki ya kura ya Ottawa mwaka 1918, lakini kura ya bunge la Quebec waliipata 1940. Kwa zaidi ya miaka 20 mshona viatu wa kike wa Saint-Roch aliweza kumchagua waziri wa nchi nzima na asiweze kumchagua mbunge wa mkoa wake.

Wa tatu ni Louis St. Laurent. Alikuwa wakili mkubwa wa mjini Québec, anakaribia miaka 60, hajawahi kugombea chochote. King alimwomba ashike nafasi ya Lapointe kwa muda wa vita tu. Februari 1942 aligombea Québec-Est dhidi ya Paul Bouchard, mzalendo wa Quebec aliyekuja na ajenda moja, kupinga jeshi la lazima. Hiyo ndiyo siku jimbo lilipopimwa kweli. Watu waliozika ndugu zao mwaka 1918 waliombwa wamchague mtu ambaye hakutaka kuwaahidi kwamba jambo lile halitarudi. Walimchagua. Mwaka 1944 lilirudi, naye alisimama na King. Na mwaka 1945 walimrudisha tena. Nimelifikiria sana jambo hili, na sikubaliani na wanaosema ni utii wa mazoea. Nadhani waliona mtu asiyewadanganya. Alikuwa Waziri Mkuu kuanzia Novemba 1948 hadi Juni 1957, na ni katika miaka yake, 1949, ambapo rufaa za Kanada ziliacha kupelekwa London.

Hebu hesabu: Laurier, Lapointe, St. Laurent. Kuanzia 1877 hadi 1958 ni miaka 81 na wabunge watatu, wote Liberal. St. Laurent alipostaafu, uzi ukakatika. Mwaka 1958 kiti kilichukuliwa na Conservative kwenye mafuriko ya kura za kiongozi wao John Diefenbaker, 1962 kikaenda kwa chama cha Social Credit cha Réal Caouette, 1965 kikarudi kwa Liberal. Baadaye kikawa cha Conservative wakati wa Waziri Mkuu Brian Mulroney, kisha mwaka 1993 kikaenda Bloc Québécois, chama kilichotaka Quebec ijitenge. Mbunge wa mwisho alichaguliwa mwaka 2000 kwa tiketi ya Liberal.

Nakuja kwenye kupotea kwenyewe. Kila baada ya miaka 10, sensa ikishafanyika, mipaka ya majimbo ya uchaguzi hupangwa upya. Zamani wabunge ndio waliochora, na unaweza kukisia mkono wa mchoraji uliinamia upande gani. Sheria ya mwaka 1964 iliwanyang'anya kalamu: kila mkoa sasa una tume huru ya watu watatu, kwa kawaida chini ya jaji, nayo husikiliza wananchi kabla ya kumaliza. Inatazama idadi ya watu, halafu jumuiya zinazofanana kimaisha. Watu walipohama mji wa chini kwenda vitongojini, mistari iliwafuata. Jina la Québec-Est likaendelea kutumika huku ardhi iliyo chini yake ikibadilika, hata likaishia kwenye vitongoji vya kaskazini-magharibi. Mpangilio wa 2003 ulipolifuta, sehemu yake iliingia katika jimbo jipya, na jimbo hilo likapewa jina Louis-Saint-Laurent. Kwa hiyo ukiona mtu anaandika kwamba mbunge wa mwisho wa Québec-Est alikuwa mrithi wa Laurier, jua jina ndilo lililorithiwa. Ardhi ilikuwa nyingine.

Na jirani? Mwambie kwa heshima kwamba mwaka 2004 Quebec ilibaki na viti vyake 75 vile vile, hakuna hata kimoja kilichopungua kwa kufutwa Québec-Est. Lakini umpe na nusu yake ya ukweli. Mwaka 1867 Quebec ilikuwa na viti 65 kati ya 181, zaidi ya theluthi moja ya bunge. Katiba iliifanya kuwa kijiti cha kupimia: Quebec ilikaa kwenye 65, na mikoa mingine ilipewa viti kwa kulinganisha watu wake na wa Quebec, mpaka kanuni hiyo ilipobadilishwa mwaka 1946. Mwaka 2004 viti 75 kati ya 308 havikufika hata robo. Leo ni 78 kati ya 343, na sheria ya 2022 imeweka sakafu ili visishuke chini ya 78. Uzito umepungua kwa sababu nchi imepanuka magharibi na watu wameongezeka huko. Mzee anayekumbuka enzi ambazo Waziri Mkuu alitoka mtaa wake anahisi kupungua huko mwilini, na jina lililofutwa kwenye ramani linampa mahali pa kuuweka uchungu.

Kuhusu kazi ya shule, mwanao ana njia mbili. Anaweza kuandika maisha ya jimbo lote kuanzia 1867 hadi 2004. Itakuwa sahihi na pengine kavu. Au achukue tukio moja, ama uchaguzi mdogo wa 1877 ama ule wa 1942, alieleze kwa undani na kuonyesha jimbo zima kupitia hapo. Mimi ningechagua 1942, kwa sababu lina swali ndani yake na mwalimu atataka kuona kijana anafikiri. Vyovyote atakavyochagua, kila anapotaja mpaka aandike ni wa ramani ya mwaka gani. Hapo ndipo wengi hukatwa.

Ila usitegemee majibu ya mbali kama haya pekee. Wapo watu wa kuonana nao ana kwa ana, bure, na mko karibu nao. Maktaba ya Gabrielle-Roy iko hapo hapo Saint-Roch. Mwombe mkutubi wa historia ya mji. Hifadhi ya nyaraka ya taifa la Quebec iko katika jengo la Louis-Jacques-Casault, chuo kikuu cha Laval, na watunza nyaraka wamezoea wanafunzi. Kama mwalimu anataka mpaka wa mwaka fulani mtaa kwa mtaa, usikisie. Mtunza nyaraka atamfungulia sheria ya mwaka huo.

Kuhusu kura yako: Saint-Roch sasa imo katika jimbo la Québec Centre. Kiapo cha uraia ndicho kinachokupa haki, si ombi wala tarehe ya miadi. Mpaka uape, ukijaza fomu ya kodi na kukuta swali la kama wewe ni raia na unataka jina lako liingie kwenye daftari la wapiga kura, jibu hapana. Kutamka uongo hapo ni kosa na kunaweza kukusumbua kwenye faili lako. Kama tayari umeshaweka alama kwa kutoelewa, usinyamaze: nenda ofisi ya msaada wa kisheria kwa wahamiaji au kwa wakili, na uwataarifu Elections Canada, ofisi inayosimamia uchaguzi, walitoe jina. Ukishaapa, utapiga kura kwa anwani unayoishi siku hiyo, hata kama umehama wiki iliyopita, mradi uwe na karatasi ya kuonyesha unapokaa.

Nimesahau jambo moja kwa kijana. Kwenye hifadhi aombe annuaire, kitabu cha anwani za mji wa Québec kilichotolewa mwaka baada ya mwaka. Kila mtaa umeorodheshwa nyumba kwa nyumba, jina la aliyeishi pale na kazi yake: fundi viatu, mchuna ngozi, mjane. Achukue mwaka karibu na ule wa uchaguzi alioamua kuuandika, atafute mtaa wenu, ashuke na kidole mpaka namba ya mlango wenu.